Muulize Mjomba: Sera ya usalama imejificha wapi?

*Mjomba, shikamoo. Kwenye kundi letu la WhatsApp kila chama kinaleta video za usalama: ving'ora, wanajeshi, mgombea amesimama kando ya gari la polisi. Nimezitazama zote na sijajua hata kimoja kitafanya nini. Ama ni mimi niliye mzito wa kuelewa? – Msomaji, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Huna uzito wowote. Mwaka 2017 nilimwandikia mgombea mmoja wa huku Pwani maneno ya kuposti, kwa hiyo jikoni nimeingia. Tulipewa kurasa mbili kuhusu polisi na mpaka. Kijana wa simu akazipitia, akauliza, "Picha iko wapi?" Kufika saa nne usiku zilikuwa zimebaki maneno manne, "Usalama wako, fahari yetu", juu ya picha ya mgombea akimpa askari mkono. Laiki zikamiminika. Zile kurasa nadhani zilifungiwa mahamri.

Na mwaka huo la kubishania lilikuwepo. Wanajeshi wetu wa KDF waliingia Somalia Oktoba 2011. Baada ya al-Shabaab kushambulia kambi zao huko, El Adde, Januari 2016, na Kulbiyow mwaka mmoja baadaye, Raila Odinga wa muungano wa upinzani wa NASA alisema vijana warudi nyumbani. Uhuru Kenyatta wa Jubilee, aliyekuwa rais, akasema watabaki mpaka Somalia itulie. Hiyo ni sera. Unaweza kuikubali au kuikataa. Lakini kwenye simu zetu zilizunguka video za "The Real Raila", zikichora Kenya ya 2020 yenye ugaidi na maradhi. Aliyezitengeneza hakujitaja. Desemba, shirika la Privacy International la London likazihusisha na Harris Media, kampuni ya Texas. Sisi tuliozika watu 148 waliouawa na magaidi Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, hofu yetu ikahaririwe Texas! (Niwie radhi, hilo bado hunipandisha presha.)

Basi video ikija, izime sauti kwanza. King'ora kikinyamaza, sikiliza kama kuna kitenzi: wataajiri, wataondoa, watafunga mpaka upi? Kisha mwulize aliyeituma, kwa adabu, pesa zitatoka wapi na nani atapelekwa. Nilimwuliza hivyo shemeji yangu, akanijibu kwa picha ya bendera. Nikamwuliza tena, ikaja bendera kubwa zaidi. Siku ya tatu akapiga: manifesto ameipata, lakini maandishi ni madogo mno, na miwani ameikalia. Nije nimsomee.