Feni inanguruma, gemu inakwama: niongeze kasi ya feni?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Kitangiri, Mwanza. Nina laptopu ya gemu niliyonunua ikiwa imetumika. Miezi minne iliyopita ilikuwa safi, sasa nikicheza dakika 20 tu feni inanguruma kama jenereta, halafu gemu inaanza kukwama-kwama. Huwa nacheza usiku, dirisha wazi nipate upepo. Nipe programu ya kuilazimisha feni izunguke asilimia 100 muda wote.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Feni tuiache kwanza. Gemu ikishapamba moto, weka kiganja kwenye tundu linalotoa hewa. Ukisikia mngurumo mkubwa lakini hewa inatoka kidogo kidogo, njia imeziba. Hewa ikitoka kwa nguvu ila ni vuguvugu, na prosesa inasoma nyuzi 95 kwenda juu, basi joto halifiki kwenye feni: pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba imekauka. Ikitoka kwa nguvu na inaunguza, feni haina kosa, wewe ndiye umekoka moto mkubwa kuliko jiko.

Kwako nadhani njia imeziba. Laptopu za kando ya ziwa nikizifungua, kati ya feni na mapezi ya shaba nakuta kitu kama kipande cha blanketi: vumbi lililoshikana na mabawa ya wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi, hasa mwezi ukiandama. Wanafuata mwanga. Wewe dirisha wazi, kioo kinawaka, feni inavuta, miezi minne!

Fungua kifuniko cha chini, chomoa waya wa betri kabla ya kugusa chochote, zuia mapanga ya feni kwa kijiti, kisha litoe hilo blanketi kwa kibano na brashi. Usiipeleke kwa kompresa ya fundi pancha. Mimi nilifanya hivyo zamani, feni ikazunguka kwa kasi ambayo haikuumbiwa, tangu siku hiyo ikawa inalia kama kinanda kibovu; isitoshe zile kompresa hutema maji na oili. Ukiwa ndani, futa pesti ya zamani kwa spiriti na uweke mpya kidogo tu.

Sasa feni. Kwenye kompyuta ya mezani, MSI Afterburner inakuruhusu kupanga feni ya kadi ya picha upendavyo. Laptopu nyingi zimeifungia feni kwenye baiosi, ile programu ya msingi iliyo ndani ya mashine, kwa hiyo tumia programu ya kampuni iliyoitengeneza na uchague hali ya gemu. Ila usitegemee miujiza. Mzunguko ukitoka 4,000 hadi 5,000 kwa dakika, hewa inaongezeka kwa robo, wakati nguvu inayoliwa na feni inakaribia kuwa mara mbili. Na chumba chako cha bati kikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 33, zile nane utaziona karibu zote kwenye prosesa, feni izunguke isizunguke.

Punguza moto wenyewe. Kama kioo chako ni cha 60 hezi, yaani kinaonyesha picha 60 kwa sekunde, funga gemu kwenye fremu (picha) 60. Zinazozidi huzioni, joto lake unalo. Halafu kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Inaonekana kama mzaha, lakini kwenye mashine nyingi hiyo moja huzima ile kasi ya ziada ya prosesa, na joto linashuka waziwazi. Gemu nyingi hutaona tofauti.

Kuna jambo moja linaloweza kunifanya nile maneno yangu: chaja. Laptopu zilizotumika mara nyingi huja na chaja isiyo yake, ya wati 65 kwa mashine inayotaka 135. Hapo gemu inakwama hata mashine ikiwa ya baridi. Weka HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, cheza mpaka ikwame, uangalie joto na kasi ya prosesa dakika hiyohiyo. Kasi ikianguka huku joto likiwa nyuzi 70, acha kufungua kwa bisibisi, soma wati zilizoandikwa mgongoni mwa chaja na unitumie.