Jibu: Vipaji vipo, mechi tunapoteza robo ya nne

Salama mkuu. Umeuliza kama mtazamo wa wachezaji ndio unaoiangusha timu yenu ya chuo, futiboli ya Kimarekani, kila ikifika robo ya nne, yaani ya mwisho ya mechi.

Anza na video ya mechi mbili za mwisho, uwaangalie wasio na mpira. Mpokeaji wa pembeni ambaye mpira hauji kwake: anamzuia beki mpaka filimbi ilie, au anatembea? Mbio ya mwenye mpira ambayo ingefika yadi 30 hufia yadi ya 6 kwa sababu ya huyo mmoja.

Kisha hesabu adhabu. Kuchomoka kabla ya mpira kutolewa kunaigharimu timu yadi 5, ni kukosa umakini tu huko. Utovu wa nidhamu ni yadi 15, na ukirudiwa na mchezaji yuleyule anatolewa nje.

Ila mimi ningechunguza zaidi kikosi cha akiba kinachomwigiza mpinzani mazoezini. Kikicheza kivivu (na nani atajituma kama haoni faida?), wenzao wa kikosi cha kwanza wanakuja kukutana na kasi halisi Jumamosi uwanjani, siku ya mechi. Mchezaji wa akiba anayewasumbua mazoezini apewe namba kwenye kikosi cha mateke (kinachoingia mpira unapopigwa kwa mguu) wiki hiyohiyo, na kocha amtaje mbele ya wote.