Maswali ya Wasomaji: Goti Kabla ya Mechi Lina Kazi Gani?

Bwana Mhariri,

Mimi na yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, tunaishi Katuba, hapa Lubumbashi, na kila mwisho wa juma tunatazama pamoja mechi za ligi ya Uingereza. Tangu mwaka 2020 kuna jambo moja ambalo halijapata kutupatanisha. Wachezaji wanapopiga goti kabla ya mpira kuanza ili kupinga ubaguzi wa rangi, mimi hufurahi na kupiga makofi. Yeye hukasirika, husema kwamba magoti ni ya Mungu na ya wazee, na kwamba mtu mweusi hapaswi kumpigia goti mtu yeyote ndipo aheshimiwe. Huongeza kwamba goti limepigwa miaka mingi na matusi hayajakoma. Tunaomba utusaidie.
Msomaji, Katuba

Ndugu yangu, hoja ya yaya yako ni nzito kuliko unavyodhani, ingawa mimi sifiki mahali anapofikia yeye. Jambo ambalo huenda hajaambiwa ni asili ya goti hilo. Mwaka 2016, Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani katika timu ya San Francisco 49ers, alianza kwa kubaki ameketi wakati wa wimbo wa taifa, akipinga namna polisi wa nchi yake walivyowatendea watu weusi. Baadaye alizungumza na Nate Boyer, aliyewahi kuwa mwanajeshi, na kutokana na mazungumzo hayo akaacha kuketi akaanza kupiga goti moja, kwa kuwa ndivyo askari wanavyofanya mbele ya kaburi la mwenzao. Lilikuwa goti la msiba, na halikumwomba mtu yeyote chochote. Msimu ule ulipokwisha, Kaepernick hakupata tena timu ya kumchukua.

Goti hilo lilifika Uingereza baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020. Ligi iliporudi tarehe 17 Juni, baada ya kusimama kwa sababu ya korona, wachezaji wa Aston Villa na Sheffield United pamoja na waamuzi walipiga goti mara tu baada ya filimbi ya kwanza. Kumbuka kwamba viwanja vilikuwa vitupu. Kwa miezi kadhaa kitendo hicho kilifanywa bila mtu wa kukipinga kwa sauti, na sote tuliotazama kwenye televisheni tulidhani kwamba kimekubaliwa. Watazamaji wachache waliporuhusiwa kurudi, mwezi Desemba 2020, baadhi ya mashabiki wa Millwall waliwazomea wachezaji, hata wa timu yao wenyewe, kwa sababu ya goti hilo. Nadhani siku ile kitendo kilifanya kazi yake kuliko siku nyingine zote, kwa maana kiliwafanya waliokuwa wamejificha wajionyeshe mchana kweupe.

Lakini hoja ya yaya yako imekwisha kusemwa na wachezaji wenyewe. Wilfried Zaha, mzaliwa wa Abidjan, alibaki amesimama kabla ya mechi ya Crystal Palace mwezi Machi 2021 wenzake wakiwa wamepiga goti, akaeleza kwamba wazazi wake walimlea ajivunie kuwa mweusi na asimame wima, na kwamba goti lilikuwa limegeuka kuwa sehemu ya kawaida ya maandalizi ya mechi. Hata kabla yake, Les Ferdinand, aliyekuwa mkurugenzi wa soka wa Queens Park Rangers, alikuwa amesema kwamba ujumbe umepotea kwa kurudiwarudiwa. Mwezi Agosti 2022 manahodha wa ligi kuu walikubaliana kwamba goti lipigwe katika mechi chache walizozichagua tu. Na mwezi Julai 2025, beki Jess Carter alipotukanwa mtandaoni kwa rangi yake wakati wa mashindano ya Ulaya nchini Uswisi, timu ya wanawake ya Uingereza, ambayo ilikuwa imezoea kupiga goti, iliamua kusimama wima kabla ya nusu fainali dhidi ya Italia. Hakuna aliyeweza kudai kwamba wanawake wale walikuwa wameacha kumtetea mwenzao. Kusimama kwao kulizungumziwa sana, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuzoea kuwaona wamepiga goti.

Kwa hiyo mimi kitendo cha namna hii nakipima kwa gharama yake: anayekifanya yuko tayari kupoteza nini, na baada yake kinafuata nini? Tazameni, wewe na yaya yako, usiku wa tarehe 8 Desemba 2020 mjini Paris. Mwamuzi wa nne katika mechi ya Paris Saint-Germain na Başakşehir ya Istanbul alimtambulisha Pierre Webó, Mkameruni aliyekuwa kocha msaidizi wa Waturuki hao, kwa rangi ya ngozi yake. Demba Ba, mchezaji wa Başakşehir, alimkabili mwamuzi huyo papo hapo, akimuuliza kwa nini mzungu haitwi kwa rangi yake ilhali mweusi anaitwa hivyo. Timu zote mbili ziliondoka uwanjani, katika mashindano makubwa kuliko yote ya klabu barani Ulaya, bila kujua zitaadhibiwa au la. Kesho yake mechi iliendelea na waamuzi wengine, na kabla ya kuanza wachezaji wote walipiga goti. Goti lile mimi naliheshimu, kwa sababu lilitanguliwa na miguu iliyotembea kuelekea chumba cha kubadilishia nguo. Lakini mwaka 2005 nchini Italia, Marc Zoro wa Messina alipoushika mpira akitaka kuondoka kwa sababu ya matusi ya mashabiki wa Inter, wachezaji wenzake weusi wa upande wa pili, Adriano na Obafemi Martins, walimsihi abaki, na mechi ikaendelea. Hayo ndiyo mabadiliko yaliyopatikana katika miaka kumi na mitano, na ninaamini kwamba mabishano kama yenu, yaliyofanywa katika nchi nyingi, yalichangia kuyaleta.

Bwana Mhariri,

Nimesikia kwamba sasa mchezaji anayetukanwa anapishanisha mikono kifuani. Je, ishara hiyo ina nguvu yoyote ya sheria, au ni mapambo mengine?
Msomaji, Kampemba

Ina nguvu kuliko goti, na ndiyo maana ninaipendelea. Katika mkutano mkuu wa FIFA uliofanyika Bangkok mwezi Mei 2024, mashirikisho yalielezwa kwamba mchezaji anayetukanwa kwa rangi yake anaweza kuipishanisha mikono yake kwenye vifundo vya mikono, na mwamuzi akishaiona ishara hiyo anapaswa kuanza hatua tatu: kusimamisha mechi na kutangaza onyo, kuwaondoa wachezaji uwanjani kwa muda matusi yakiendelea, na mwishoni kuivunja mechi kabisa. Mahakama nazo zimeanza kuamka: mwezi Juni 2024, mashabiki watatu wa Valencia walihukumiwa kifungo cha miezi minane kwa kumtukana Vinícius Júnior, mchezaji wa Real Madrid, katika uwanja wa Mestalla mwaka mmoja kabla, hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini Uhispania.

Bwana Mhariri,

Mimi ni mama wa komini ya Kenya, na mwanangu wa miaka kumi na minne anacheza katika timu ya vijana. Wakati wa kombe la Afrika la 2024 aliiga wachezaji wetu waliofunika midomo kwa mkono, na baba yake akamkataza akisema kwamba hiyo ni siasa. Lakini mimi najiuliza jambo jingine. Kwenye viwanja vyetu vya vumbi nawasikia watu wazima wakiwatukana watoto kwa asili ya wazazi wao, kwa jimbo walikotoka na kwa kabila lao. Je, tuwafundishe watoto kupiga goti kama Wazungu, au kuna njia nyingine?
Mama msomaji, Kenya

Mama, tuanze na baba. Tarehe 7 Februari 2024 mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wetu na kocha wao Sébastien Desabre waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kwenye upande wa kichwa, kama bastola, wakati wimbo wa taifa ukiimbwa. Walikuwa wanasema kwamba watu wanauawa Mashariki mwa nchi na dunia imenyamaza. Tulifungwa bao moja la Sébastien Haller, lakini watu wengi duniani waliuliza usiku ule ishara hiyo ina maana gani. Kuwalilia waliouawa hakuhitaji ruhusa ya chama chochote, na kwa heshima zote namwomba baba amwachie mtoto ishara yake.

Kuhusu viwanja vya vumbi, naandika kwa uchungu. Mji wetu ulichorwa na ubaguzi. Kamalondo, mahali ambapo leo uko uwanja wa TP Mazembe, ilikuwa makazi yaliyotengwa kwa Waafrika, na kati yake na mji wa Wazungu wakoloni waliacha kwa makusudi ardhi isiyojengwa ili watu wasikaribiane. Wajukuu wa waliotengwa hivyo wamejifunza kutengana wao kwa wao. Wazee wa hapa wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, familia za asili ya Kasaï zilipofukuzwa Katanga na kulala kwenye vituo vya reli zikingoja treni, baada ya kuitwa wadudu hadharani. Anayemtupia mtoto tusi la namna hiyo kwa sababu amekosa penalti anarudia maneno ambayo yamekwisha kuua watu katika mji huu.

Goti si lazima, Mama. Wala usisubiri FIFA, kwa kuwa nchi yetu inayo sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila, na ingawa si wengi wanaoikumbuka, mwenye kiwanja anaweza kuitaja mbele ya watazamaji bila kuogopa. Kaeni na makocha wa timu zote mbili kabla ya mechi, mkubaliane kwamba tusi la asili likisikika mwamuzi atapuliza filimbi na watoto wa pande zote mbili watakwenda kuketi pamoja katikati ya uwanja hadi aliyetukana aondoke. Mzazi aliyekuja kumwona mwanawe akicheza atamwondoa mtukanaji mwenyewe kabla ya dakika tano kupita. Na ikiwa aliyetukana ni kocha, mtoeni mwanao katika timu hiyo hata kama inashinda.