Ukitaka ndege mvumaji aje kwako, anza na ua

Jamani mmeniuliza sana kuhusu wale ndege wadogo kwenye picha zangu, haya leo naandika. Niko Kentucky, Marekani, na wale ni ndege wavumaji (hummingbird) wa koo jekundu, huku wanafika mwezi wa nne na ikifika wa kumi washaondoka. Sio chozi, yule ndege mdogo wa maua wa kwetu, chozi anatua kwanza ndo anakunywa maji matamu ya ua, huyu anasimama hewani, mabawa yanapiga kama mara 50 kwa sekunde, akiwa karibu unasikia vuuuu.

Mi nilikosea mwanzo. Nilipanda ule mmea wa maua ya tarumbeta, Campsis radicans, ukutani kabisa, na ndege alikuja kweli, lakini shina lake lina vimizizi vinang'ang'ania ukuta, unapanda hata mita 10, na chini unachipua kila mahali mpaka katikati ya uwanja, nimekata weee, vipele vikanitoka mikononi. Sasa angalia hao wawili, ndege ana gramu 3 tu na wengi wao wanavuka Ghuba ya Mexico kilomita kama 800 bila kutua, huku mmea haujongei hata hatua ila ukishashika ndo umeshika. Kwa hiyo wa kufikiria sana kabla hujapanda ni mmea, ndege ni mgeni tu.

Ushauri wangu panda mmea wa maua unaoitwa lobelia nyekundu. Haipandi ukuta, inafika mita moja hivi, inataka udongo wenye unyevu muda wote (watoto wasiile, ina sumu). Mwezi wa nane jike mmoja alikuja karibu na kiti changu, akachomeka mdomo, kile kimrija kinachochomoza juu ya ua kikamgusa utosini, akaenda ua lingine na chavua kichwani. Na ua likiwa changa linatoa chavua, likikomaa ndo linapokea, yaani bila huyu ndege lobelia inahangaika kupata mbegu.

Tarumbeta kama unaipenda sana iweke kwenye nguzo imara mbali na nyumba, na kata machipukizi kila wiki.

Chupa ya maji ya sukari nayo sawa, kikombe 1 cha sukari kwa 4 vya maji, usitie rangi wala asali, joto likizidi osha kila baada ya siku mbili. Yangu naitundika katikati ya mwezi wa nne, lobelia ikichanua mwezi wa saba naona maji kwenye chupa hayapungui kama zamani.