Kurudi Kufundisha Judo Baada ya Kifua Kikuu

Mwalimu wa judo anayeugua kifua kikuu cha mapafu hukabiliwa na maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya: ni lini atakuwa hawezi tena kuwaambukiza wanafunzi wake, na ni lini mwili wake utahimili kurushwa. Majibu ya maswali hayo hayapatikani siku moja. Nimefundisha watoto na vijana hapa Unguja kwa miaka mingi, nikaugua, nikamaliza dawa, na sasa nimerudi ukumbini; walimu wenzangu wa judo na wa michezo mingine ya kukamatana ndio ninaowaandikia.

Swali la kwanza huamuliwa na kliniki, wala si na hamu ya mwalimu. Matibabu ya kawaida ya TB isiyo sugu huchukua miezi 6, miwili ya mwanzo kwa dawa nne na minne inayofuata kwa dawa mbili. Nafuu hutangulia mbali kabla ya kupona: homa za jioni hukoma, jasho la usiku hukauka, hamu ya chakula hurudi, na mgonjwa hujiona mzima akiwa bado ana miezi kadhaa ya vidonge mbele yake. Ni kweli kwamba anayemeza dawa zinazofaa bila kukosa huacha kuambukiza mapema, lakini katika judo watu hushikana kola na kubanana chini, nyuso zikikaribiana kiasi cha kuvuta pumzi moja. Kwa hiyo unapoomba ruhusa kliniki, usiulize tu kama unaweza kurudi kazini. Eleza mchezo wenyewe, eleza ukubwa wa ukumbi na madirisha yake, sema kwamba wanafunzi wako ni watoto. Mimi sikurudi mpaka vipimo vya makohozi vilipokuwa safi na mhudumu aliyenisimamia aliponiruhusu waziwazi kukaa na watoto ndani ya chumba kimoja.

Wazazi waambiwe mapema, mara tu ugonjwa unapothibitishwa, kwa sababu waliokuwa wakivuta hewa moja nawe wanahitaji kuchunguzwa. Najua unyanyapaa ulivyo katika mitaa yetu, na najua kuna walimu wanaopendelea kusema kwamba wamesafiri. Hata hivyo, mzazi aliyekukabidhi mtoto wake amekuamini kwa jambo kubwa, na afya ya mtoto huyo haiwezi kuwekwa chini ya heshima yako. Wazazi wa wanafunzi wangu waliuliza maswali makali, nami niliyajibu yote, maana walikuwa na haki ya kuyauliza. Tangu wakati huo madirisha ya ukumbi hufunguliwa kabla ya mazoezi kuanza na hubaki wazi mpaka mwisho, hata mvua ya masika inaponyesha.

Swali la pili ndilo refu zaidi. TB inaweza kuacha makovu kwenye mapafu, na mtu aliyepona kabisa akaendelea kuishiwa pumzi upesi. Isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, inaweza kuleta ganzi ya miguu na mikono, ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Kwa mtu wa kawaida ganzi ya nyayo ni kero, lakini kwa mwalimu wa judo ni hatari, kwa kuwa kufagia mguu wa mwenzako kwa wakati wake hutegemea unyayo unaohisi mkeka. Ukiisikia, ieleze kliniki kabla hujavaa mkanda.

Nilianza upya na ukemi, yaani kuanguka, kwa mpangilio uleule ninaowafundisha watoto: kwanza nikiwa nimelala chali nikipiga mkeka kwa mikono, kisha kutoka kuchuchumaa, na baadaye sana kutoka kusimama. Kidevu kifuani, pumzi itoke wakati wa kugusa chini. Pale kikohozi kilipokuja baada ya kuanguka, nilisimama siku hiyo. Sikumruhusu mtu yeyote anirushe mpaka nilipoweza kujiangusha mwenyewe bila kukatika pumzi.

Katika kipindi hicho chote nilifundisha, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Walimu wengi hudhani kwamba asiyeweza kurusha hana cha kuonyesha. Keiko Fukuda, aliyekuwa mwanafunzi wa Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, aliendelea kufundisha Marekani hata baada ya kuvuka miaka 90, na alipofariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 99 hakuna aliyetilia shaka ualimu wake. Alibobea katika Ju-no-kata, mojawapo ya kata za judo, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa ambayo watu wawili huifanya pamoja, ambayo ndani yake hakuna anayerushwa mpaka chini na ambayo huweza kufanywa kwa nguo za kawaida. Kata hiyo ndiyo ninayompendekezea kila mwalimu anayerudi, mradi aiendee taratibu, kwa maana humrudishia mizani na unyumbufu bila kishindo.

Mengine waachie wanafunzi wakubwa. Mimi niliwaweka wenye mkanda wa kahawia katikati waonyeshe, nami nikisimama ukingoni nikisema, na nililazimika kuyatamka mambo ambayo zamani mkono wangu uliyamaliza kimya: kiwiko kinainuka wapi, uzito wa mpinzani unahamia kidole gani kabla hajapoteza mizani. Wanafunzi wangu wanaingia mbinu za nyonga vizuri zaidi sasa kuliko nilipokuwa nikiwaonyesha kwa mwili.

Randori, pambano la mazoezi, ije mwisho, ianze na mwanafunzi mwepesi mwenye adabu ya mikono, na iwe fupi. Na vijana wazito sijapambana bado, wala sioni sababu ya kufanya hivyo mwaka huu. Endapo homa ya jioni, jasho la usiku, kupungua uzito au kikohozi kisichoisha kitarejea, acha mazoezi na uende kliniki wiki hiyohiyo, kwa kuwa TB inaweza kurudi, na safari hii ukumbi mzima una watoto wanaovuta hewa unayoitoa wewe.