Bima ndogo haichimbi mtaro: kwa nyie mnaoanza kupeleka mashine kwa majirani

Juzi nimemkuta dogo mmoja kaegesha kieskaveta chake (mashine ndogo ya kuchimba) nje ya uzio wa jirani yake, anajiandaa kung'oa visiki, bure, hisani tu, mashine mpya mpaka kiti bado kina nailoni. Nikamuuliza bima unayo? Akachomoa karatasi kwa kujiamini kabisa: bima ndogo. Nikamwambia hiyo ni ya barabarani. Akacheka, akasema "braza, si nang'oa kisiki tu." Hiyo "tu" nimeshaisikia miaka mingi sana na wengi walioisema walirudi kwangu baadaye wamenywea, wananiuliza kama namjua wakili asiye na bei kubwa. Kwa hiyo naandika, mkipenda msome, msipopenda namba yangu mnayo, mtapiga tu siku hiyo.

Sifundishi kuchimba hapa. Kunyoosha mtaro mnajua, kufunga baketi mnajua, kupiga grisi pini mnajua (baadhi yenu). Naongelea karatasi, kitu ambacho hakuna opereta anayekipenda hata mimi.

1. Bima ndogo inamlinda mtu wa tatu chombo chako kikiwa barabarani. Ukishashusha baketi au plau pale, hicho sio chombo cha safari tena, ni mtambo uko kazini, na mikataba mingi inasema kabisa kwamba madhara ya mtambo ukiwa kazini hayamo. Na bima kubwa isiwadanganye kwa jina, ukubwa wake ni kwamba inalipa na mashine yako wewe ikipinduka au ikiibwa au ikiungua. Ukuta wa jirani ni habari nyingine. Mnachotakiwa kutafuta ni bima ya dhima, ile inayolipa pale wewe unapodaiwa kwa kumuumiza mtu au kuharibu mali yake, na hata hiyo usiishie kuona jina, soma shughuli zilizoandikwa. Wakiandika "shughuli za shamba lake" basi ni shamba lako, mpaka wa shamba ndo mpaka wa bima, baketi ukilipitisha juu ya uzio limevuka peke yake.

2. "Lakini sikumchaji." Hii nikiisikia naumwa kichwa. Aliyeumia anakudai kwa sababu ya uzembe wako, sio kwa sababu ya risiti yako. Mwaka 1932 kule Uingereza, kesi ya Donoghue na Stevenson, mama alisema kakuta mabaki ya konokono kwenye chupa ya bia ya tangawizi, na hata chupa yenyewe alinunuliwa na rafiki, hakutoa senti yake. Jaji mmoja, Lord Atkin, akauliza kisheria jirani yangu ni nani, jibu lake kwa maneno yangu ni kwamba jirani ni yeyote ambaye ulipaswa kuona mapema kuwa unachofanya kitamgusa. (Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani, walimalizana nje, ila kanuni ikabaki na sisi tunabanwa nayo mpaka leo.) Kwa hiyo bure haikupunguzii deni. Halafu geuka upande wa pili uone balaa: kwenye bima malipo kidogo yanaweza kukutoa nje kabisa, maana mikataba mingi ya nyumba na ya shamba haitaki kazi ya malipo kwa watu. Diseli ya kujazia, bahasha ya sabuni, "chukua hii ukanywe maji", siku ya siku yote hayo yanaweza kuitwa malipo. Ukilipwa umekwisha na usipolipwa bado unadaiwa. Nami nimefika hapo, ngoja niwape.

3. Usiseme "ni kosa langu nitalipa" kabla hujaongea na bima. Hii nimeilipia mwenyewe, kwa hiyo kaeni chini.

Nilikuwa na eskaveta ya tani 3, ya kwangu, nimeisotea, nilikuwa naiosha kuliko nilivyokuwa naoga. Jirani yangu, mzee mmoja mstaarabu sana ambaye alinijua tangu nikiwa natembea peku, akaniomba nimchimbie mtaro wa bomba la maji kando ya nyumba yake. Nikamuuliza, mzee, chini hapa kuna kitu? Akasema hamna kitu, nimejenga mwenyewe, kila jiwe nalijua. Na mimi nikaamini, kwa sababu ni mzee, na kwa sababu nilikuwa nataka kuchimba. Sikuomba ramani ya mabomba kwa watu wa maji, sikupima na kifaa cha kutafuta nyaya, sikuchimba hata shimo moja la majaribio kwa mkono. Nikashusha baketi.

Wenzangu mnajua ile hali, mashine haisimami wala hailalamiki ila kwenye leva unasikia kitu kimeachia, laini hivi, sio jiwe na sio mzizi. Maji hayo. Bomba la zamani ambalo mzee mwenyewe alishalisahau, ila bado lilikuwa linatumika. Tukafunga koki kuu, nikaenda kuchukua jointi kwenye boksi langu, nikaunga kwa mikono yangu, tukafungulia, tukaangalia kama dakika 10 hivi, halivuji, nikafukia, nikashindilia na mgongo wa baketi vizuri kabisa kama fundi. Mzee akafurahi. Wakati naondoka akaniingizia bahasha mfukoni, nikakataa kwa mdomo huku mfuko uko wazi.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja jioni mzee kanipigia, sauti ndogo, njoo uone kitu. Sakafu ya sebuleni imeshuka upande mmoja, na ukuta una ufa ambao mkono unaingia. Ile jointi yangu ilikuwa inavuja kidogo kidogo muda wote ule, maji yakawa yanakula udongo chini ya msingi, na udongo niliourudishia mimi ulikuwa laini kwa hiyo yalipata njia ya bure. Nikasimama pale sebuleni kwa watu, mama wa nyumba anaangalia chini, na nikasema kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa angesema: mzee, hili ni kosa langu, nitalipa kila kitu. Halafu usiku nikaona haitoshi, nikamwandikia na meseji. Ndefu. Yenye maelezo. Jointi ilikuwa ya aina gani, kwa nini sikutumia ile nyingine, mpaka nikaeleza kwamba sikuchimba shimo la majaribio, yaani nilijiandikia hati ya mashtaka nikaipamba na samahani nyingi.

Bima ya dhima nilikuwa nayo! Ndo kinachoniuma. Sikuwaambia. Nilijiambia hii ni ya wanaume wawili wanaoelewana, mambo ya kampuni ya nini, nikakaa kimya miezi miwili na nusu nikipiga mahesabu ya kuuza breka ya haidroliki, ile nyundo ya kuvunjia mawe inayofungwa kwenye eskaveta.

Sasa mzee naye nyumba yake ilikuwa na bima. Akadai kwao, haki yake, wakamlipa, akaanza matengenezo, akanipigia akasema mwanangu yameisha, sikudai kitu. Nikalala usingizi siku hiyo. Baada ya muda ikaja barua ya wakili. Haikutoka kwa mzee, ilitoka kwa kampuni iliyomlipa. Wakishamlipa mteja wao wanavaa viatu vyake, wanachukua haki yake ya kumdai aliyesababisha, na hao hawakujui ukitembea peku wala hawajawahi kukutuma dukani. Mzee amekusamehe, sawa, ila deni halikuwa lake tena. Na kiambatisho namba moja kwenye ile barua ilikuwa meseji yangu. Mzee alipoulizwa na asesa, yule mkaguzi wa hasara wa kampuni ya bima, alionyesha simu, angefanyaje, adanganye?

Ndo nikakimbilia kwa bima yangu na jasho. Walinipokea vizuri sana, wakaniwekea maji, wakafungua mkataba na kalamu ya rangi. Kwanza, kuna sharti la kutoa taarifa mapema, mimi nimekuja msingi umeshachimbuliwa na kufukiwa, watakagua nini. Pili, sharti la kutokubali kosa wala kuahidi malipo bila idhini yao kwa maandishi, meseji hii hapa. Tatu, shughuli: matumizi binafsi kwenye eneo la mwenye bima, bila malipo. Nikasema sikulipwa. Dada mmoja wa pale bima akaniuliza taratibu, na bahasha? Kumbe mzee, mkweli wa watu, alishaitaja nayo.

Nililipa kwa mafungu kwa muda ambao sitautaja kwa sababu mke wangu naye husoma. Breka iliuzwa. Mzee aliona aibu kuliko mimi, ikafika mahali anabadilisha njia asikutane nami, na hiyo ndo iliniumiza kuliko barua.

Alichonifafanulia yule dada baadaye, na hii ishikeni: hata ningekuwa na mkataba sahihi, gharama ya ile jointi na kurudia kuunga wasingenilipa, maana bima ya dhima hailipi kukurekebishia kazi yako mbovu. Inacholipa ni kile ambacho kazi mbovu imekwenda kuharibu, yaani sakafu na ukuta. Watu wengi wakikataliwa jointi wanadhani wamekataliwa kila kitu, wanasusa na fomu inaisha muda wake mezani.

Na muungwana aseme nini pale sebuleni basi? Sema pole, kwa sababu pole sio kukubali kosa. Funga maji, toa watu, saidia kuhamisha makochi, piga picha kila kitu, halafu sema "nawapigia watu wa bima sasa hivi" na uwapige kweli, ukiwa umesimama hapo hapo. Ubinadamu wako wote unaingia humo bila kuandika barua ya kujifunga.

4. Uliza kama bima inaendelea baada ya wewe kufungasha na kuondoka. Kuna mikataba inaishia pale unapozima injini, na madhara ya sisi wachimbaji yana tabia ya kuja mwezi wa pili.

5. Nyaya na mabomba ya chini: mikataba mingine ina kipengele chake, wanataka uthibitisho kwamba uliulizia ramani kabla. Neno la mwenye nyumba sio ramani, hata akiwa mzee mstaarabu.

6. Mtoto wa jirani anayekuja "kusaidia". Hapa nakuwa mkali. PTO, ile shafti ya trekta inayozungusha vifaa, ikiwa ya mizunguko 540 kwa dakika inazunguka mara 9 kwa sekunde, hakuna binadamu anayewahi kuchomoa shati, na kava la shafti ambalo mliling'oa kwa sababu linasumbua kupiga grisi, kazi yake ilikuwa kuzuia hiyo. Nilishawahi kumkimbiza kijana wa watu na spana mkononi, mama yake akadhani nimechanganyikiwa, nikamwambia mama ni bora uniite kichaa. Kwa upande wa karatasi sasa: mtu anayefanya kazi chini ya maelekezo yako anaweza kuhesabiwa mfanyakazi wako, na bima ya dhima ya kawaida humtoa mfanyakazi, huyo ana bima yake ya mwajiri. Msipokuwa nayo akae mbali, na msipokuwa na kava la shafti hata wewe mwenyewe kaa mbali.

7. Kuazimisha mashine bila opereta: pigia bima kwanza, wengi wanataka jina la anayeendesha.

8. Kuna ile fedha ya kujibebea mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, iulize siku ya kukata bima, sio siku ya ufa.

9. Kikomo cha malipo kipime na kitu cha thamani kubwa kabisa unachoweza kukigonga, sio na bei ya eskaveta yako. Mashine ndogo inaangusha nyumba kubwa vizuri tu.

10. Waambieni ukweli mnachofanya. Kama kila Jumamosi uko kwa mtu mwingine, sema hivyo, ada itapanda, utanung'unika, utalipa. Ukificha ili upate ya bei rahisi umelipa ada mwaka mzima kwa karatasi ambayo wana haki ya kuichana siku utakayoihitaji. Na jibu la ajenti wako lisiwe la mdomo, "we nenda tu haina shida" ya kwenye simu haina sahihi. Mwandikie: nakwenda kuchimba mtaro kwa jirani, nje ya eneo langu, nitapewa diseli, je nimo au simo? Akijibu weka. Asipojibu usiende. Mimi yangu naipiga skrinishoti na kumtumia mke, maana simu zangu huwa zinaanguka kwenye mitaro.

Watu wa visiki nao wananiuliza kama kuna tofauti. Ndio, kisiki kina mizizi na mizizi huwa imekumbatia bomba, kwa hiyo rudini namba 5.

Na wewe dogo wa juzi najua unasoma, nimeona umeshaipandisha mashine kwenye trela kwa ajili ya Jumamosi. Mwandikie ajenti leo. Halafu ile spana ya 32 niliyokuazima ni ya kwangu, irudishe kabla hujaitupia kwenye shimo la mtu.