Maswali ya Gemu: Gigahezi kibao, mbona bado inakwama?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia kwenye prosesa, yaani ile chipu inayopiga hesabu za mashine. Nimechukua chache, kama yako haipo soma za wenzio maana mengi yanafanana.

SWALI: Mambo vipi fundi. Nina deskitopu nimejengewa mtaani, prosesa Ryzen 5 5600G inafika gigahezi 4.4, RAM gigabaiti 8, kadi ya grafiksi sina. Mshkaji wangu ana PS5, tumegugo tukakuta prosesa yake inaishia 3.5. Sasa mbona kwake mpira unateleza tu, kwangu picha inakwama kwama mpaka nimeshusha seti zote chini? Au nimepigwa? – Mdau, Mbagala

JIBU: Hujapigwa kaka. Prosesa yako ukiishindanisha na ya PS5 kore kwa kore (kore ni kiini kimoja cha kupiga hesabu ndani ya prosesa) ni yako inayoshinda, maana zote ni za kampuni ya AMD ila yako ni ya kizazi cha Zen 3 na ile ni Zen 2, kizazi cha nyuma yake. Ila gigahezi inakwambia tu prosesa inapiga hatua ngapi kwa sekunde, haikwambii ni hatua ngapi kati ya hizo ilikuwa imekaa inasubiri data ifike, na kwenye gemu huko kusubiri ndo kunakoua.

Chipu yako ina prosesa na ndani yake kuna grafiksi ya Vega yenye vitengo 7 vya kuchora picha. PS5 ina 36, na ni vipya zaidi. Hapo tu ushaachwa, lakini kuna kibaya zaidi: grafiksi yako haina memori yake, inaazima RAM, yaani memori ya kazi ya prosesa, na gigabaiti 8 za kujengewa mtaani mara nyingi ni stiki moja tu. Stiki moja ya DDR4 (aina ya RAM) ya kasi ya 3200 inapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, hapo prosesa na grafiksi wagawane. PS5 nao wanagawana, ina gigabaiti 16 za GDDR6 (aina ya memori ya grafiksi) kwa wote wawili, ila njia yake inapitisha gigabaiti 448 kwa sekunde. Umeona pengo lilivyo? Prosesa yako iende gigahezi 4.4 au 5, ikifika kwenye hiyo njia inasubiri tu.

Cha kufanya, kabla hujafikiria kununua kitu kikubwa, ongeza stiki ya pili ya aina ile ile, njia inakuwa gigabaiti 51.2 na kwenye grafiksi za ndani kama zako utaona tofauti siku hiyo hiyo. Bodi nyingi zenye sloti nne, hesabu kuanzia upande wa prosesa, weka ya pili na ya nne, usiweke mbili za mwanzo zinazofuatana. Halafu ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijawaka) uwashe XMP, mpangilio unaoifanya RAM itembee kwa kasi iliyoandikwa, maana mafundi wengi wanaisahau na RAM ya 3200 inaishia kutembea 2133 au 2400 bila wewe kujua. Ukitaka kuhakikisha stiki zote mbili zinafanya kazi pamoja, kuna programu ya bure inaitwa CPU-Z, fungua sehemu ya Memory uangalie mstari wa Channel. PS5 hautaifikia, ila mpira utachezeka.

SWALI: Asalaam aleikum. Nina kibanda cha gemu hapa Kisauni, diski za PS3 ninazo kabati nzima. Nimenunua PS5, za PS4 yazikubali lakini za PS3 yazikataa kabisa. Na sisi twaambiwa prosesa ya PS3 ilikuwa moto, hata wanajeshi wa Marekani waliitumia. Sasa yawaje mashine mpya ishindwe na kazi ya ile ya zamani? – Mwenye kibanda, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Hiyo ya wanajeshi ni kweli kabisa, mwaka 2010 jeshi la anga la Marekani liliunganisha PS3 1,760 likapata kompyuta moja kubwa ya kuchakata picha. Na sababu iliyowafanya waitake ndo hiyo hiyo iliyowatoa jasho watengeneza gemu.

Prosesa ya PS3 inaitwa Cell, waliitengeneza Sony, Toshiba na IBM, gigahezi 3.2, mashine ikatoka 2006. Ndani ina kore moja ya kawaida halafu vikore vidogo nane. Kimoja Sony walikizima makusudi ili chipu iliyotoka kiwandani na kikore kibovu isitupwe, kingine kikachukuliwa na mfumo wa mashine, gemu ikabakiwa na sita. Sasa sikiliza, kila kikore kina memori yake ya kilobaiti 256, na humo humo kodi (maagizo ya programu) na data vyote vienee. RAM kubwa hakiioni moja kwa moja. Kwenye prosesa ya kawaida data inajileta yenyewe, programa wala hafikirii, lakini kwenye Cell ilibidi aandike mwenyewe chukua kipande hiki kwenye RAM, kilete huku, piga hesabu, kirudishe, na wakati hesabu inapigwa kipande kinachofuata kiwe tayari njiani, la sivyo kikore kinakaa bure.

Kama kazi yako ni hesabu moja kuirudia mara milioni, mfano picha za rada, hapo Cell ni hatari kweli. Gemu nusu yake sio hivyo. Gemu ni kama mchezaji yuko hapa beki afanye hivi, kama mpira umetoka refa apige filimbi, maamuzi juu ya maamuzi, na vile vikore havikuundwa kwa maamuzi. Ongeza na RAM iliyokatwa vipande viwili, megabaiti 256 za prosesa na 256 za grafiksi, wakati Xbox 360 ya Microsoft ilikuwa na kore tatu zinazofanana na megabaiti 512 za pamoja unazigawa utakavyo. Ndo maana miaka ile ya mwanzo gemu nyingi zilizotoka kote kote zilitembea vizuri zaidi kwenye 360, pamoja na sifa zote za Cell kwenye makaratasi. Studio za Sony wenyewe zilikuja kuiweza baadaye, tena zikaiweza haswa.

Sony wakaona isiwe tabu. PS4 ya 2013 wakaenda AMD wakachukua kore nane za Jaguar, gigahezi 1.6, kore za familia ile ile iliyokuwa inawekwa kwenye laptopu za bei rahisi. Watu walicheka. Lakini wakaipa grafiksi kubwa na gigabaiti 8 za GDDR5 zinazopitisha gigabaiti 176 kwa sekunde, na programu zake zikawa za x86 (lugha ya maagizo ambayo prosesa inaielewa) kama kompyuta nyingi za dukani. PS5 nayo ni x86 ya AMD, kwa hiyo kodi ya PS4 inaielewa bila mkalimani. Ya PS3 haielewi hata mstari mmoja, ingebidi iigize kore kubwa na vile vikore kwa wakati mmoja na kwa mpangilio ule ule wa saa. Kwenye kompyuta ipo programu ya RPCS3 inayofanya hivyo, na inataka prosesa yenye misuli. PS3 zako usiziuze, ndugu yangu, safisha feni ubadilishe pesti ya kupooza chipu, kazi bado wanayo.

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu yuko kidato cha nne, anataka laptopu ya kusomea lakini najua ni ya gemu ya GTA. Dukani kuna laptopu yuzdi ya Core i7, i7-6600U, na deskitopu ya i5-6500. Muuzaji ananiambia i7 ni kubwa kuliko i5, nichukue laptopu. Ni kweli? – Mama, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Sio kweli, na muuzaji huenda hata yeye hajui. Zote mbili ni za kizazi cha sita, ila ile U ya mwisho inamaanisha chipu imebanwa itumie umeme kidogo, wati 15, na ina kore mbili tu. Hiyo i5 ya deskitopu ina kore nne na wati 65. GTA V ilipotoka kwenye kompyuta 2015, kiwango cha chini kabisa walichoandika ni Core 2 Quad Q6600, prosesa ya zamani mno lakini ya kore nne. Chukua deskitopu, ukipata hela weka kadi ya grafiksi. Ila pima boksi kwanza, zile deskitopu nyembamba za ofisini zinakubali kadi fupi tu zisizotaka waya wa umeme wa ziada. Kama lazima abebe mashine kwenda shule basi laptopu, na gemu asahau.

SWALI: Bro hizi Ryzen za X3D zina nini, mbona gigahezi ndogo halafu bei iko juu? Na kore ngapi zinatosha? – Mwanachuo, Dodoma

JIBU: Kashe, yaani memori inayokaa ndani ya prosesa yenyewe. Chukua 5800X na 5800X3D, zote kore nane. Ya kwanza inafika gigahezi 4.7, ya pili iliyotoka 2022 inaishia 4.5, na bado kwenye gemu nyingi ya pili inaiacha ya kwanza. Ile ina kashe ya megabaiti 32, hii ina 96, AMD walichukua kipande cha kashe wakakibandika juu ya prosesa. Safari moja ya kwenda RAM kuchukua data ni kama nanosekunde 70 na kitu, kwa gigahezi 4.5 hizo ni hatua zaidi ya 300 zimekwenda na maji, na fremu moja (picha moja ya gemu) ukitaka 60 kwa sekunde umepewa milisekunde 16.7 tu, kila kitu kiishe humo. Data ikikutwa kwenye kashe safari hiyo haipo. Kipande cha juu kilikuwa kinazuia joto kutoka, ndo maana gigahezi zilishushwa, ila 9800X3D ya 2024 wamekihamishia chini na inafika 5.2. Ukiwa na kadi ya grafiksi dhaifu usihangaike nazo, hutaona kitu.

Kuhusu kore, AMD FX-8150 ya 2011 iliuzwa kama ya kore nane, ikachapwa kwenye gemu na i5-2500K ya Intel yenye kore nne, maana kore zake zilikuwa mbili mbili zinachangia vifaa. Kore sita za kisasa zinakutosha.

SWALI: Niko Muscat. Nina PS5, kuna gemu fremu zinashuka nikiingia mjini kwenye watu wengi. Nikichukua PS5 Pro itaisha? – Msomaji, Oman

JIBU: Sidhani, kama gemu yenyewe ni Dragon's Dogma 2 au za aina yake. Pro ya 2024 wameongeza grafiksi, vitengo 60 badala ya 36, lakini prosesa ni ile ile Zen 2, ina modi tu ya kuipandisha kutoka 3.5 hadi 3.85, asilimia 10 hivi. Fremu zinazoshuka mjini kwenye watu mara nyingi ni prosesa, kila raia anayetembea anahesabiwa na yeye, Capcom wenyewe walisema hivyo kuhusu gemu yao. Jaribu hivi: gemu ikiwa na modi mbili, weka ile inayoshusha ubora wa picha. Fremu zisipopanda ukiwa sokoni, tatizo ni prosesa, hela yako tunza. Zikipanda, grafiksi ndo ilikuwa imebanwa na Pro itakusaidia.